Ukibadilisha injini, upe mvuke njia

Arua, mji wa West Nile nchini Uganda, iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Mpika chai hana habari na tofauti hiyo. Mwenye gari inambidi awe nayo, kwa kuwa thamostati ya Toyota iliyoandikwa 82 huanza kufunguka kwenye nyuzi hizo na humaliza kufunguka karibu na 95. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimekufa, basi, injini isiyo na kosa lolote hubakiza nyuzi moja tu ichemshe.

Kifuniko kizima hubadilisha hesabu. Kile kilichoandikwa 0.9 hushikilia presha ya karibu bar 0.9 juu ya ile ya hewa, na hapo maji ya Arua hayachemki mpaka nyuzi 116 hivi. Mombasa, kifuniko hicho hicho kingeyafikisha 118. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi kadhaa tena. Kwa hiyo gari la West Nile linaishi kwa presha kuliko gari la pwani, na chochote kinachoivujisha presha hiyo, au kinachoacha hewa ikae mahali pasipotakiwa, huku huonekana mapema. Ndiyo maana mpira mmoja mwembamba unastahili makala nzima: ule wa kutoa mvuke kwenye hedi, ambao injini inapobadilishwa huwa wa kwanza kusahauliwa.

Kisa chenyewe kinajulikana. Prado au Surf yenye 1KZ-TE, hedi yake ya aluminiamu imepasuka, imefungwa nyingine, nayo imepasuka. Mwenyewe amechoka, anataka 5L au 1HZ, injini isiyo na kompyuta ambayo fundi yeyote wa Koboko anaweza kuifungua chini ya mwembe. Au ni Hiace ya abiria. Au ni Land Cruiser iliyotumikia shirika kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, ikapigwa mnada ikiwa imekufa injini. Injini mpya, yaani mtumba, inatoka soko la Kisekka mjini Kampala, imefungwa kamba juu ya Fuso, mipira yote imekatwa kwa kisu. Fundi anahangaika na mauntingi, giaboksi, propela, waya. Maji yanaachwa mwisho, jioni, mwenye gari keshaanza kupiga simu: mpira mkubwa wa juu, mpira mkubwa wa chini, basi. Vijibomba vyembamba vinavyobaki vimetokeza vinazibwa kwa kipande cha mpira, bolti na klipu. Gari linazunguka mjini wiki nzima bila tatizo. Siku likipakia kutoka Pakwach na kuanza kuupanda mlima wa Nebbi, linatema maji, na lawama zote zinamwendea aliyeuza injini.

Mara nyingi injini haina kosa. Kimoja kati ya vile vijibomba vilivyozibwa kilikuwa na kazi.

Ndani ya hedi, joto kali zaidi liko kati ya vali na vali, na kando ya tundu la eksozi. Hata geji ikiwa katikati, maji yanayogusa chuma pale hutoa vipovu. Vingi hufa mara vikikutana na maji yaliyo baridi kidogo. Vilivyosalia, pamoja na hewa iliyobaki siku ya kujaza maji, hupanda na kukusanyika mahali pa juu kabisa. Pasipo na pa kutokea, mfuko wa hewa hukua. Ukishafunika chuma, chuma hicho hakipati maji tena, kinazidi kuwaka, na maji yaliyo pembeni yake yanageuka mvuke kwa wingi. Kijiko kimoja cha chai cha maji kikigeuka mvuke kinalijaza dumu la lita tano. Mvuke huo unasukuma maji mazima nje kupitia kifuniko, na dereva anaamini rejeta imeziba.

Usiitegemee geji ikuambie haya. Sensa ya joto imetengenezwa izame kwenye maji. Mvuke ukiizunguka husoma chini, na dereva huona sindano ikishuka katikati ya kilima. Sindano ikishuka ghafla gari likiwa na mzigo na linapanda, simama.

Tafuta kilele kabla ya kukata mpira

Kosa linalofanywa na mafundi wengi, hata wazuri, ni kutazama kwa jicho. Boneti imefunguliwa, rejeta inaonekana iko juu, kazi inaendelea. Jicho hudanganywa na kifuniko cha tapeti, ambacho ndani yake mna oili, wala hakihusiki. Unachotafuta ni mahali pa juu kabisa ambapo maji yenyewe yanafika: mara nyingi nyumba ya thamostati, au kona moja ya hedi upande wa nyuma, au bomba la maji la turubo kama ipo.

Fundi ujenzi ana mpira mwembamba unaoonesha ndani, anautia maji kupata usawa wa msingi wa nyumba. Uazime. Weka gari mahali tambarare, matairi yajazwe upepo sawasawa, na mzigo wa kawaida uwe ndani, kwa sababu Hiace tupu na Hiace yenye abiria hazilali sawa. Jaza mpira maji, toa mapovu, shika ncha moja ubavuni mwa nyumba ya thamostati na nyingine kwenye shingo ya rejeta. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, na hapo utaona bila ubishi kipi kiko juu na kwa sentimita ngapi. Tia alama ya chaki kwenye bodi. Rudia kwa nyuma ya hedi, kisha kwa mahali unapofikiria kuweka tangi. Kazi hii ni ya robo saa, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Shingo ya rejeta ikiwa juu ya vyote kwa sentimita tano au zaidi, una bahati: mpira wa mvuke unaweza kuishia kwenye tangi la juu la rejeta, na kifuniko kikabaki pale pale. Ikiwa iko sawa na hedi au chini yake, kama ilivyo mara nyingi kwa Hiace yenye injini chini ya viti, au kwa Surf iliyopandishwa injini ili isiguse diferenshali ya mbele, unahitaji tangi la presha lililo juu zaidi. Hakuna ujanja mwingine. Hewa haitashuka kwenda rejeta kwa sababu tu unataka ishuke.

Angalia pia mlalo wa injini. Injini inayokaa kwa urefu wa gari kwa kawaida hutoka kiwandani imeinama nyuma kidogo, kufuata giaboksi, kwa hiyo mbele ya hedi ndiyo juu. Ukitengeneza krosi ya giaboksi mwenyewe na ukaipandisha sentimita mbili kupata nafasi, huenda umegeuza mambo, na sasa silinda ya mwisho ndiyo inayokusanya hewa. Weka pima maji juu ya sehemu bapa ya hedi ujue. Halafu kumbuka kwamba gari haliishi mahali tambarare: likishuka kuelekea Pakwach pua iko chini, na mkia wa hedi ndio kilele. Kwa 5L yenye silinda nne sipotezi muda na jambo hili. Mpira mmoja wa mbele unatosha, almradi mzunguko wa hita nyuma uko wazi. Kwa 1HZ yenye silinda sita mstari mmoja, ndefu kama benchi, mimi ningetoa njia mbili, ya mbele na ya nyuma.

Wamarekani nao wana ubishi huu. Injini za V8 za General Motors za familia ya LS, zilizoanza na Corvette ya mwaka 1997, zina matundu ya mvuke kwenye pembe nne za hedi. Mwanzoni yote manne yaliunganishwa kwa bomba. Baadaye kiwanda kikayaziba mawili ya nyuma, kikaona ya mbele yanatosha. Wanaozipachika injini hizo kwenye magari mengine kwa ajili ya mashindano mara nyingi huyafungua tena yote manne, kwa kuwa gari lao halilali kama lile lililopimwa kiwandani. Sababu ni ile ile ya Prado iliyo uani kwako: ukihamisha injini, kilele kinahama nayo.

Pa kuutolea

Anza na kile kilichopo. Nyumba nyingi za thamostati zina kidomo chembamba cha milimita sita au nane. Kama hakina kazi nyingine, hicho ndicho chako. Sehemu nyingine ni tundu lenye bolti ya kuzibia juu ya hedi, au tundu la sensa, ambapo ti ya shaba huiruhusu sensa na mpira kuishi pamoja. Hapo lakini hakikisha ncha ya sensa bado inafika kwenye maji, isije ikajificha ndani ya ti.

Hedi usiitoboe. Ukuta wake si mnene kila mahali, na huoni nyuma yake pana nini. Ikibidi kutoboa, toboa nyumba ya thamostati ikiwa imefunguliwa na iko mezani, kwenye sehemu nene, ukate nyuzi za kidomo cha shaba na uoshe chembe zote kabla ya kuirudisha. Chembe ya aluminiamu ikiingia kwenye sili ya pampu ya maji utailipia pampu nyingine.

Hita nayo ina neno. Huku kwetu hakuna anayewasha hita, kwa hiyo ikivuja mafundi huziba mabomba yake mawili, kila moja na bolti yake. Kwenye injini nyingi bomba la hita hutoka nyuma ya hedi, na maji yanayopita pale ndiyo yanayosukuma hewa ya kona ile. Ukiliziba umetengeneza chumba kisicho na mlango. Badala yake unganisha bomba la kutoka na la kurudi kwa mpira mmoja uliopinda, maji yaendelee kuzunguka bila hita. Mpira huo usiupitishe juu ya usawa wa tangi, la sivyo umejenga kilele kipya.

Thamostati yenyewe: ukitazama sahani yake utaona kipini kidogo kinachocheza ndani ya tundu. Hicho ni njia ya hewa. Kiwe juu, saa sita, thamostati inapofungwa wima. Kikiwa chini, hewa hubaki nyuma yake mpaka mafundi wachoke. Na kuna ile tabia ya kuitoa thamostati kabisa, «nchi yetu ni ya joto». Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina mguu wa chini unaofunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejetani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji haionani na rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko lilipokuwa nayo. Nimesikia watu wakibishana nalo hili kwa sauti kubwa. Chukua thamostati mkononi, tazama mguu wake, kisha tazama tundu unalolifunga. Ubishi utakwisha.

Pa kuupeleka

Hapa ndipo kazi nyingi za West Nile zinapoharibikia. Ile chupa nyeupe ya plastiki pembeni ya rejeta ya Land Cruiser, yenye kifuniko cha kubonyeza, haina presha. Iko wazi kwa hewa. Kazi yake ni kupokea maji yanayofurika kupitia kifuniko na kuyaruhusu yarudi gari likipoa. Ukiuchomeka mpira wa mvuke humo, umeufungua mfumo wote: presha haijengeki, na umerudi kwenye nyuzi 96 za sufuria ya chai. Ni kosa linaloonekana la busara, maana mpira unatoa mapovu na chupa iko juu, na mwenye gari anafurahi kuyaona mapovu. Atayaona mpaka maji yaishe.

Kuupeleka moja kwa moja kwenye mpira unaoingia pampu nako si vizuri. Utafanya kazi kwa namna fulani, lakini hewa uliyoitoa juu ya hedi inapelekwa kwenye panga la pampu na kurudishwa ndani. Hewa inahitaji mahali pa kutulia na kuachana na maji.

Mahali hapo ni pawili. Rejeta ya zamani ya shaba, yenye tangi la juu la kulehemu, ndiyo rahisi: fundi wa rejeta atatoboa karibu na ukingo wa juu, upande ulio mbali na mpira mkubwa unaoingia, na kutia kidomo kwa lehemu. Rejeta ya tangi la plastiki usiitoboe. Hakuna gundi inayodumu kwenye presha na joto lile, hata muuzaji akiapa.

Pa pili ni tangi la presha, na mimi huona ndilo jibu la magari mengi yaliyobadilishwa injini. Land Rover Defender na Discovery za 300Tdi zina tangi la plastiki la namna hiyo: kifuniko cha presha juu, vidomo vyembamba vya kupokea hewa, na mdomo mpana chini. Ukilipata zima kwenye gari lililokufa, lichukue pamoja na kifuniko chake. La kuchomelea kwa bati nene la aluminiamu au chuma cha pua linafaa pia, lita moja na nusu hadi mbili, likipimwa kwa upepo ndani ya ndoo ya maji kabla ya kufungwa. Chini yake litoke bomba nene, milimita 16 hadi 19 kwa ndani, liende kwenye mpira wa chini wa rejeta karibu na pampu, upande wa kufyonza. Mipira ya mvuke inaingia juu. Maji yakiwa baridi yafike nusu ya tangi, nafasi iliyobaki iwe ya kutanukia. Bomba nene lisipokuwepo, tangi litapokea maji bila kuyarudisha, na litamwaga.

Tangi likiwa ndilo lenye presha, kifuniko cha rejeta hakina kazi tena. Weka kilichozibwa, kisichofunguka. Ukiacha cha 0.9 pale na tangi lina cha 1.1, rejeta itamwaga kwanza na tangi litabaki pambo. Wala usikimbilie namba kubwa ukidhani unafidia mwinuko wa Arua: rejeta yenye miaka ishirini na lehemu tatu haitakushukuru kwa bar ya ziada.

Mpira wenyewe

Upana wa ndani wa milimita sita hadi nane unatosha. Tumia mpira wa hita, uliotengenezewa maji moto. Mpira wa dizeli unauzwa kila duka na unafanana nao, ila kwa kulanti ya moto hulainika na kuvimba mwisho wake. Ule mwangavu wa plastiki, ambao watu huupenda kwa kuwa wanaona mapovu, uuache nje kabisa. Umemaliza kazi yake ya pima maji.

Mpira ukiwa mrefu kuliko mkono, weka bomba gumu katikati. Fundi wa friji ana bomba la kopa la robo inchi na la inchi tano kwa kumi na sita, na ana kifaa cha kutanua ncha. Mwambie akuvimbishie ncha zote mbili ili mpira usichomoke, na ulifunge bomba kwenye bodi kwa vishikizo vyenye raba, lisitetemeke likakatika. Kopa na aluminiamu vikikutana ndani ya maji matupu hulana, hivyo kulanti si anasa.

Kanuni ya njia ni moja, haina msamaha: kutoka hedini mpaka tangini mpira upande mwanzo hadi mwisho. Usishuke kupita chini ya kitu halafu upande tena. Kila bonde hujaa maji na kuwa kizibo. Mvuke unahitaji nguvu kuyasukuma, na kwa mwendo mdogo hauna nguvu hiyo. Usiuache uning'inie katikati ya klipu mbili, maana mpira ukipata joto hulegea na bonde likajitengeneza lenyewe. Ipe eksozi upana wa kiganja, na zaidi kwa turubo. Ikague tena njia hiyo gari likiwa limeinamisha pua.

Njia mbili za hedi zikiungana kwa ti, ti iwe juu ya zote mbili. Ningependelea kila moja iwe na kidomo chake tangini.

Kisha tia kizuizi. Mpira wazi wa milimita nane unaopitisha maji siku nzima unaiibia rejeta kazi yake na kuichelewesha injini kupata moto asubuhi. Hewa na mvuke hupita penye tundu dogo. Maji hupita kwa shida. Kipande cha shaba chenye tundu la milimita mbili hadi tatu, kikisukumwa ndani ya mpira karibu na hedi na kubanwa kwa klipu, kinatosha. Chini ya milimita mbili ni kutafuta tabu: kutu na magamba ya maji ya kisima vitaliziba kabla ya mwaka.

Ndiyo maana maji ya kisima hayafai. Yana madini yanayoganda kwenye chuma cha moto, pale pale kati ya vali unapopaogopa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya vumbi kuoshwa ni bora, na yale ya betri ni bora zaidi. Kulanti ya rangi yoyote, almradi usichanganye aina mbili.

Kujaza na kujaribu

Pandisha magurudumu ya mbele kwenye kilima au mawe, tangi liwe juu kuliko kawaida. Fungua bomba la hita kama bado ipo. Legeza mpira wa mvuke upande wa tangi, mimina polepole kwenye tangi mpaka utoke maji mfululizo bila kukohoa, kisha ufunge. Minya mpira mkubwa wa juu mara kwa mara kama anayekamua. Washa injini bila kifuniko, mwendo mdogo, uongeze maji kadiri yanavyoshuka. Mpira wa chini ukianza kupata moto, thamostati imefunguka. Acha dakika kumi nyingine, jaza hadi nusu ya tangi, funga kifuniko. Kuanzia hapo usikiguse mpaka gari lipoe kabisa. Gunia lililoloweshwa si kinga, na mafundi wenye makovu mkononi wanajua.

Shika mpira wa mvuke injini ikiwa imepata moto. Uwe wa moto kwa urefu wote. Ukiwa wa moto hedini na baridi tangini, kuna bonde au kizuizi kimeziba.

Safari ya kwanza isiwe ya Nebbi. Nenda Koboko na kurudi: kilomita hamsini na kitu za lami kila upande, kwenye ile barabara ya Vurra hadi Oraba, vilima vya wastani, na watu wa kukusaidia kila baada ya hatua chache. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, fungua utazame kimo cha maji. Kushuka kidogo siku ya kwanza na ya pili ni kawaida, hewa ya mwisho inatoka, ongeza. Kaza klipu zote, kwa sababu mpira mpya hujibana ukipata moto. Kimo kikitulia, ndipo uende Pakwach, iliyo kwenye kingo za Nile kwa takriban nusu ya kimo cha Arua, na urudi umepakia. Kilima hicho cha kurudi ndicho mtihani.

Mapovu yakiendelea tangini kila siku, na mpira wa juu ukawa mgumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha injini baridi, acha kuhangaika na mipira. Huo ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi au ufa, na hakuna njia ya mvuke inayoweza kuutoa wote. Kuna kifaa chenye maji ya buluu kinachokaa juu ya mdomo wa tangi. Moshi ukipita ndani yake maji hugeuka kijani kwa dizeli, manjano kwa petroli. Kipimo hicho kifanywe kabla hujamlipa fundi pesa yake ya mwisho, injini ikiwa bado ndani ya siku alizokupa muuzaji.

Na kwenye buti weka mita moja ya mpira wa hita wa milimita nane, klipu nne, na kifuniko cha pili chenye namba ile ile.